Nyanya hana aniverseri: historia fupi ya gato, mishumaa na siku ya kuzaliwa



Mwezi wa kumi uliopita, mtoto wa yaya wangu alitimiza miaka sita. Tuko Beni, kwa hiyo sherehe ilianza saa nane ya mchana ili kila mgeni arudi kwake mbele ya giza. Kulikuwa na gato ya ghorofa mbili, mishumaa sita, simu kumi na tano zinapiga picha, na ule wimbo ambao wote tunaujua, kwa Kifaransa kwanza, halafu kwa Kiswahili. Mtoto akajaza mashavu, akapuliza, tukapiga mikono.

Nyanya yangu, mama wa papa, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Akanivuta shati polepole.

— Mujukuu, huyu mutoto anazimisha moto juu ya nini?

Bon, miye ni lisansiye wa agronomia. Uniulize ugonjwa wa mozaiki wa muhogo, nitakueleza mpaka jioni. Lakini mishumaa? Nikasema tu:

— Ni desturi, nyanya.

— Desturi ya nani?

Nikaona afazali niulize swali langu ili nitoke katika la kwake.

— Na wewe nyanya, aniverseri yako ni lini?

— Miye sina.

Nikamkumbusha kwamba kwenye karte yake ya elekteri wameandika tarehe 1 Januari 1942. Akacheka.

— Yule mutu wa kuandika aliniuliza tarehe. Nikamuambia mama alinizala wakati wa kuvuna maharagi. Akaandika ya kwake.

Papa, aliyekuwa anasikiliza, akatoa karte yake mfukoni: 1 Januari 1962. Kumbe mama na mtoto wake wanashiriki siku moja, na wako pamoja na nusu ya wazee wa avenue yetu! Tulicheka sana. Lakini usiku sikulala vizuri. Gato ni ya nani? Na kama nyanya hana siku ya kuzaliwa, alihesabiwa namna gani? Nimechukua wiki kadhaa kusoma, na leo ninawaletea niliyoyapata.

MBELE YA GATO

Tuanze na kitabu ambacho kila nyumba ya Beni iko nacho. Katika Biblia, sikukuu za kuzaliwa zinazotajwa waziwazi ni mbili. Ya kwanza ni ya Farao, katika Mwanzo sura ya 40. Siku hiyo mfalme alifanyia watumishi wake karamu, akamrudisha mnyweshaji wake kazini, na mkubwa wa waokaji mikate akamtundika. Ndiyo, wapendwa: mwokaji wa kwanza katika historia ya aniverseri alinyongwa. Ya pili ni ya Herode, na wote tunajua siku hiyo kichwa cha nani kililetwa kwenye sinia.

Sasa ndipo unaelewa kwa nini Wakristo wa zamani hawakuipenda siku hii. Origene, mwalimu mkubwa wa Aleksandria katika karne ya 3, alifundisha kwamba katika Maandiko hakuna mtakatifu aliyefanya karamu siku ya kuzaliwa kwake. Waliofanya ni watu kama Farao na Herode. Kanisa likachagua kukumbuka siku ambayo shahidi amekufa, likaiita ndiyo siku yake ya kuzaliwa mbinguni. Kwa hiyo jirani yako Shahidi wa Yehova akikataa gato yako, usimwone kuwa amebuni kitu kipya. Anaendeleza mabishano ya zamani sana.

Warumi wao walikuwa wanasherehekea. Siku ya kuzaliwa mtu alivaa nguo nyeupe, akafukiza ubani, akatoa mikate midogo ya unga na asali kwa roho iliyomlinda. Watu wengi wanaandika pia kwamba mishumaa ilitoka kwa Wagiriki, kwa keki ya mungu mke Artemi. Keki hiyo ilikuwako kweli: iliitwa amfifoni, ilizungushiwa mienge midogo, na ilitolewa wakati wa mwezi mpevu. Lakini ilikuwa sadaka ya hekalu, si ya mtoto aliyeongeza mwaka, na kati yake na mishumaa ya leo kuna zaidi ya miaka elfu moja bila daraja. Tuwe waangalifu na kila kitu kinachozunguka kwenye simu.

KIJANA WA MISHUMAA NI MJERUMANI

Mishumaa inayohesabu miaka tunaiona waziwazi Ujerumani, katika karne ya 18. Mwaka 1746, kiongozi wa Wamoravia, Kaunti Ludwig von Zinzendorf, alifanyiwa sikukuu ya kuzaliwa. Mtu mmoja aliyekuwako, Andreas Frey, aliandika kwamba kulikuwa na keki kubwa kiasi cha tanuru, imetobolewa matundu kulingana na miaka ya mwenye sikukuu, na kila tundu na mshumaa wake, pamoja na mmoja wa katikati. Kitu kinachonifurahisha ni kwamba Frey hakuwa anasifu. Alikuwa amekosana na hao Wamoravia, na aliandika akilaumu anasa yao. Donc, moja ya habari za kwanza tulizonazo juu ya gato ya mishumaa ni lawama ya mtu anayeona watu wanatumia pesa vibaya. Mama zetu wanaosema "hiyo pesa ingenunua unga ya mwezi muzima" wako na babu wa mawazo yao.

Hao Wamoravia si wageni kwetu Afrika ya Mashariki. Ndio waliofungua misioni ya Rungwe, kusini mwa Tanzania ya leo, mwaka 1891, na mpaka sasa kanisa lao ni kubwa Mbeya na Tabora. Walileta Injili; gato ilikuja kwa njia nyingine.

Mwaka 1801, mwandishi mkubwa Goethe alikuwa mgeni wa mwana wa mfalme katika mji wa Gotha. Tarehe 28 mwezi wa 8 alitimiza miaka 52. Watumishi wakaingia na torte yenye mishumaa kama hamsini inayowaka, mpaka ikaanza kuyeyuka, watu wakaogopa moto. Unaona? Hata kwa matajiri ilikuwa bado ni jambo la kushangaza, la kuandikwa kwenye daftari.

Sasa ilitokaje kwa mwana wa mfalme ikafika kwa watoto wa kila mtu? Hapa ninaingia katika kazi yangu, kwa sababu jibu ni mimea na kemia.

Kwanza sukari. Kwa muda mrefu sukari ya Ulaya ilitoka kwa miwa ya Karibe, iliyolimwa na Waafrika waliochukuliwa utumwani, na ilikuwa bei kali. Mwaka 1747 mkemia wa Berlin, Andreas Marggraf, alionyesha kwamba beti, mmea wa mizizi unaostahimili baridi, iko na sukari ileile. Mwanafunzi wake Franz Achard akajenga kiwanda huko Silesia, mwaka uleule wa 1801 wa mishumaa ya Goethe. Katika karne ya 19 bei ya sukari ikashuka sana.

Pili, unga wa kuumulia. Zamani, ili keki ipande, ulihitaji chachu na masaa, au kupiga mayai mpaka mkono ufe. Mwaka 1843, mfamasia wa Birmingham, Alfred Bird, alitengeneza poda ya kuumulia kwa sababu bibi yake hakuvumilia chachu. Asidi kavu, besi kavu, ukiongeza maji gesi inatoka, unga unapanda. Ile poda mama anayonunua sokoni katika kifuko kidogo ni mjukuu wa mapenzi ya mfamasia kwa bibi yake.

Wimbo nao ulifuata. Sauti yake iliandikwa na wadada wawili wa Kentucky, Marekani, Patty na Mildred Hill, ikachapwa mwaka 1893, lakini kwa maneno mengine: yalikuwa ya kusalimia watoto asubuhi darasani. Maneno ya aniverseri yakaingia baadaye. Kampuni moja ikaendelea kudai pesa kwa kila filamu iliyoutumia, mpaka kesi ikafika mahakamani, na tangu 2016 ni wa watu wote. Kwa hiyo imbeni bila hofu.

SI KILA MTU ANAPULIZA

Nyanya aliuliza "desturi ya nani?" Jibu la haki ni hili: ni desturi moja kati ya nyingi.

Huko China, siku ya kuzaliwa watu wanakula tambi ndefu, na hairuhusiwi kuzikata, kwa sababu urefu wake ni maisha. Huko Korea, asubuhi unakula supu ya majani ya bahari. Ni ileile wanayompa mama aliyejifungua ili apate nguvu, kwa hiyo siku yako unamkumbuka yeye na uchungu wake. Mtoto akitimiza mwaka mmoja wanamtandikia vitu mbele yake, uzi, pesa, kalamu, na kile atakachoshika kinabashiri maisha yake.

Na sikieni hii: kwa hesabu ya zamani ya Korea, watu wote waliongeza mwaka siku moja, tarehe 1 Januari. Ni mwezi wa 6 wa 2023 tu serikali yao iliweka sheria kwamba umri kwenye karatasi za serikali uhesabiwe kwa siku ya kuzaliwa. Nilipomwambia nyanya hivyo, akasema: "Kumbe yule mutu wa kuandika karte alikuwa mu-Korea!"

Huko Ghana, asubuhi ya siku yako unakula oto: viazi vikuu au ndizi za kupika zilizopondwa, zikachanganywa na mafuta ya mawese, na mayai ya kuchemsha juu. Hii ilinigusa, juu ndizi ziko kwetu, mawese yako kwetu, mayai yako kwetu. Walichukua chakula cha nyumbani wakakipa heshima ya sikukuu.

Pwani ya Waswahili, kutoka Lamu mpaka Zanzibar, kuzaliwa kunahesabiwa kwa namna nyingine. Siku ya saba familia inafanya akika: wanachinja mbuzi, wananyoa nywele za mtoto, wanampa jina. Baada ya siku 40 mama na mtoto wanatoka nje. Aniverseri kubwa ya pwani si ya mtoto wa nyumba, ni Maulidi, kuzaliwa kwa Mtume, na ile ya Lamu inavuta watu kutoka Afrika ya Mashariki yote. Keki iliingia huko baadaye, na bado kuna mashehe wanaokubali na wanaokataa, sawa na wachungaji wetu.

Na vijana je? Kutoka Nairobi mpaka Goma, sote tunajua zawadi ya kwanza ya aniverseri ni ndoo ya maji kichwani. Butembo nilikosomea, pamoja na baridi ile ya asubuhi, wenzangu walinimwagia maji saa kumi na mbili, halafu wakaongeza unga. Nilipiga kelele kwamba unga ni chakula. Waliniambia agronomu aanze kuota.

KWETU, JINA LILIKUWA NDIYO KARTE

Basi turudi kwa nyanya. Kama hakuna aliyeandika siku yake, alijulikana vipi?

Kwetu Wanande, mtoto anapewa jina kwa nafasi yake tumboni mwa mama. Kijana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Binti wa kwanza anaweza kuwa Masika. Mama akizaa wavulana mfululizo halafu binti anakuja, huyo ni Kahindo, yaani mabadiliko; kijana anayekuja baada ya mabinti ni Muhindo. Ndugu zetu Wakonjo wa ng'ambo ya Ruwenzori, Uganda, wana majina ya namna hiyo.

Angalia vizuri. Jina hilo halisemi ulizaliwa lini. Linasema ulizaliwa na nani, baada ya nani. Ukikutana na Kasereka barabarani, unajua tayari kwamba kuna wavulana wawili waliomtangulia, hata kama mmoja alikufa mchanga. Mtoto aliyekufa anaendelea kuhesabiwa katika jina la mdogo wake. Siku inaweza kusahaulika, nafasi haisahauliki. Nyanya hana aniverseri, lakini hakuna siku hata moja ambayo watu walisahau yeye ni wa ngapi.

Baadaye hesabu nyingine zikaja juu ya hiyo. Mapadri Waasompsioni walifika eneo la Beni mwaka 1929. Na ubatizo ukaleta jina la mtakatifu na siku ya mtakatifu: ukiitwa Yosefu, sikukuu yako ni tarehe 19 mwezi wa 3, hata kama ulizaliwa mwezi wa 11. Halafu 1972 Mobutu akakataza majina ya Kikristo, na watakatifu wakaingia mafichoni.

Papa alisoma shule ya msingi wakati huo wa Zaire. Nilimuuliza aniverseri ya kwanza anayoikumbuka ni ya nani. Akajibu bila kufikiri: tarehe 14 mwezi wa kumi. Ilikuwa siku kuu, siku ya vijana, na ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Mobutu. Watoto walipanga mistari, waliimba, walicheza. Fikirini hilo kidogo. Kuna kizazi kizima kilichojua kwa moyo tarehe ya kuzaliwa ya mtu mmoja, na hakikujua ya kwake.

UNGA WA MBALI, VANILA YA HAPA

Yaya alipoagiza ile gato, nilimuuliza mama mwokaji ndani kuna nini. Yeye anaoka kwa makala: sufuria kubwa juu ya mbabula, mchanga chini, gato katikati, na makala mengine juu ya kifuniko. Alinihesabia: unga wa ngano kutoka Uganda, umepita Kasindi. Sukari kutoka Uganda pia. (Kiwanda chetu cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira, kilisimama wakati wa vita vya 1996.) Margarini, poda, rangi: vyote Kasindi. Mayai: mengi pia yanavuka mpaka. Ladha ya vanila: chupa ndogo ya kemikali, kutoka mbali.

Hapo nilisimama. Vanila! Sisi tunalima vanila. Inatoka Beni na Mambasa, inasafiri kwenda Ulaya na Marekani, na hapa tunanunua vanila ya uongo katika chupa. Kakao ni vilevile. Miaka ya 1990 ugonjwa wa kunyauka, ule wa kuvu ya fusari, ulimaliza kahawa yetu ya robusta, na wakulima wengi wakahamia kakao. Leo Beni ni moja ya sehemu kubwa za kakao katika Kongo. Lakini watoto wengi wa wakulima wa kakao hawajawahi kuonja chokoleti. Tuko na mwanzo mzuri: Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kuna kiwanda cha chokoleti kinachoendeshwa na umeme wa maji. Ni kimoja. Na wote tunajua bei ambayo kakao hii inalipiwa: watu wameuawa mashambani wakati wa mavuno, wengine wamekimbia wakaacha miti inazaa kwa ajili ya wezi.

Juu ya vanila kuna historia moja ambayo ningependa kila mtu aikumbuke akikata gato. Mmea huu ni wa Mexico. Wafaransa waliupeleka kisiwa cha Réunion, ukastawi, ukachanua, lakini haukuzaa, kwa sababu nyuki wake walibaki Mexico. Wataalamu walihangaika. Mwaka 1841, kijana mtumwa wa miaka 12 tu, jina lake Edmond, aligundua jinsi ya kuinua kile kiutando kidogo ndani ya ua kwa kijiti, na kubana kwa kidole gumba ili chavua ishikane na mahali pake. Ua moja, sekunde chache. Baada ya utumwa kuondolewa 1848 alipewa jina la ukoo, Albius. Watu walitajirika kwa mbinu yake. Yeye alikufa maskini mwaka 1880.

Na ni mbinu yake hiyohiyo mama wa Beni anatumia asubuhi, kwa sababu ua la vanila linafunguka siku moja tu. Ukichelewa, limeanguka. Halafu unangoja karibu miezi tisa, sawa na mimba, mpaka ganda likomae. Wenzangu, kama kuna kitu kinachostahili kuwa katika gato ya kuzaliwa, ni hicho.

Nikaamua kujaribu. Gato haihitaji gluteni nyingi kama mkate, kwa hiyo sehemu ya ngano inaweza kubadilishwa na muhogo. Nigeria walifika mpaka kwenye amri: 2005 serikali yao ilitaka wasagaji wachanganye asilimia 10 ya unga wa muhogo katika unga wa mkate. Miye nikaenda na asilimia 30, vanila ya kweli, na kakao.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilichukua unga wa bugari wa kawaida, ule wa muhogo uliolowekwa. Nyumba nzima ikanuka chachu. Yaya akaniuliza kama ni gato au ni dawa ya kuku. Kosa lilikuwa la kwangu, na nilifundishwa darasani kabisa: kwa keki unatumia muhogo mtamu, unaumenya, unauparuza, unaukamua na kuukausha siku hiyohiyo, bila kuloweka, na muhogo mchungu hauguswi kwa sababu ya sumu ya sianidi. Jaribio la pili lilipanda. Si sana kama la mama mwokaji, lakini lilipanda.

KWA NINI TUSHEREHEKEE

Rafiki mmoja aliniandikia: "Wewe, katika mji huu unazungumzia gato?" Swali ni la haki. Tangu mwezi wa kumi 2014 tunazika watu wetu. Tunaishi katika hali ya kuzingirwa tangu 2021. Nani ana moyo wa mishumaa?

Nitamjibu kwa habari ya huyu mtoto. Alizaliwa mwezi wa kumi 2018. Wengi mnakumbuka Beni ya wakati ule: Ebola ilikuwa imetangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 huko Mangina, ikaingia mji. Tulinawa klori kila mlango, hatukupeana mikono, na usiku milio. Yaya alijifungua katika hofu mbili pamoja. Hakuna aliyemkumbatia. Na hakuna aliyefikiri kwenda ofisini kumwandikisha. Sheria inatupa siku 90 za kuandikisha mtoto bila shida, zikapita. Baadaye, ili apate cheti, ilibidi kupita mahakamani kutafuta hukumu ya kujaza pengo: safari, karatasi, pesa, "rudi kesho". Kilichomwokoa ni kadi ya chanjo na mstari mmoja ambao papa, yeye aliyeandikiwa 1 Januari, aliuandika kwa bik nyuma ya Biblia yake: siku, mwezi, mwaka, saa.

Nilipoona mstari huo nilielewa kitu. Papa anaandika tarehe za wajukuu wake wote kwa sababu anajua ni nini kukosa ya kwako. Mwalimu ambaye tarehe yake ni ya kubuni anaweza kugombana miaka na ofisi juu ya pansioni. Mtoto aliyekimbia vita bila cheti hawezi kuonyesha umri wake, na kesho hata urai wake utaulizwa. Jina la Kambale linakutambulisha kwa ukoo. Dola haisomi jina la Kambale, inasoma tarehe. Tunahitaji vyote viwili.

Kwa hiyo, mishumaa si lazima. Gato si lazima. Ni mambo ya Wajerumani, na sukari yake ina historia chungu. Lakini kusimama siku moja na kusema "huyu amefika miaka sita", hapa kwetu, si anasa. Ni hesabu. Ni ile ile hesabu ya Paluku, Kambale, Kasereka, imepata tarehe.

Ninawaomba mambo mawili. Kwanza, kama kuna mtoto nyumbani asiye na cheti, msingoje. Na kama kuna mjamzito, anzeni kuhesabu zile siku 90. Pili, keti na mzee wako, umuulize alizaliwa wakati gani. Hatakupa tarehe. Atakupa mavuno, vita, mvua, padri fulani, barabara iliyokuwa inajengwa. Andika hivyo hivyo alivyosema.

Nyanya nilimpelekea kipande cha jaribio la pili. Alitafuna polepole, akafikiri.

— Hii ni bugari ya sukari.

— Ni mbaya, nyanya?

— Nimesema ni bugari. Bugari haikuwe mbaya. Leta ingine.

Na kwenu je, mlihesabiwa namna gani? Andikeni, tusome.